FIGO HAILII: Amana ya mtoto baada ya kutoka hospitali

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.



Ijumaa ya leo tuulizane swali moja. Mtoto aliyekuwa mgonjwa akionekana amepona, anakula vizuri na anacheza na wenzake uwanjani, je, deni la wazazi juu ya ugonjwa ule limekwisha? Au amana bado iko shingoni mwao?

Swali linaonekana jepesi. Hakuna mtu atakayesimama mbele ya jamaa na kusema: mimi nimemtupa mtoto wangu. Usiku mtoto akichemka homa, baba anaamka, mama anambeba mgongoni, jirani anatoa pikipiki. Hatuhitaji hotuba ili tufanye hivyo, kwa sababu kilio cha mtoto kinatusukuma. Lakini kuna magonjwa ambayo yakishatulizwa hayalii tena, na bado yanafanya kazi ndani. Hapo hakuna kilio cha kutusukuma, inabaki amana peke yake. Na hapo ndipo wengi wetu tunaanguka, mimi nikiwa wa kwanza. Nitasema yaliyotokea katika ukoo wangu. Si hadithi ya kujisifu.

Mtoto wa mdogo wangu alizaliwa hapa Kindu mwaka 2010. Tangu uchanga mkojo wake ulikuwa unatoka matone-matone, bila nguvu. Tumbo la chini lilikuwa limejaa, na kila baada ya wiki chache alipata homa. Kila homa tuliita malaria. Alipewa dawa za malaria, akatundikiwa serumu ya kinini, homa ikashuka, ikarudi. Hakuna aliyefikiri kupima mkojo, wala sisi hatukuomba. Mwaka 2012, akiwa na miaka miwili, muuguzi mmoja aliyemwangalia akikojoa alisema: huyu mtoto anasukuma kama mtu anayesukuma gari. Tulipelekwa Bukavu. Huko walikuta kwamba ndani ya njia ya mkojo kulikuwa na utando mwembamba, aliozaliwa nao, uliofunga njia kama mlango mbovu. Ugonjwa huu unawapata wavulana tu. Si wa kuambukizwa, si laana, wala si kosa la mama katika mimba. Mkojo ukizuiliwa, kibofu kinakuwa kigumu, mkojo unarudi juu, na figo zote mbili zinaumia, pengine tangu mtoto akiwa bado tumboni.

Walimfanyia upasuaji, utando ukaondolewa, mkojo ukatoka. Mama yake alilia kwa furaha. Siku ya kutoka tulipewa fishi. Iliandikwa: arudi baada ya miezi mitatu, kisha kila miezi sita, kisha kila mwaka mpaka awe mtu mzima. Daktari alieleza. Alisema kwamba kuondoa utando ni kufungua mlango tu, lakini nyumba iliyokaa na maji kwa miaka miwili lazima iangaliwe kuta zake. Alisema kwamba figo zilizoumia zinaweza kuendelea kupoteza nguvu polepole kwa miaka mingi, na kwamba mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za figo zake na asisikie kitu chochote. Ndiyo maana lazima kupima: damu kwa ajili ya kreatinini, mkojo, tansio, uzito na urefu, na ekografi. Kwa maneno mengine alituambia kwamba figo hailii.

Tulirudi mara moja, baada ya miezi mitatu, mwanzoni mwa 2013. Walisema anaendelea vizuri. Baada ya hapo hatukurudi mpaka 2021.

Ndugu zangu, sikilizeni jinsi miaka minane inavyopotea bila mtu mmoja kuamua kuipoteza.

Baba wa mtoto, mdogo wangu, alikuwa akichimba dhahabu upande wa Namoya. Alikuwa na pesa kwa misimu, na simu yake haikupatikana kwa miezi. Rendevu ya pili ilipofika alikuwa ametuma nauli ya ndege. Wiki ile ile mjomba wetu alifariki, Mungu amrehemu. Wageni walikuja kutoka Kasongo, zaidi ya kilomita 200. Nauli ya mtoto ikaingia katika chakula cha matanga na hitima ya arobaini. Mimi ndiye niliyesema itumike. Nilisema: mtoto anacheza, mnamwona, safari itangoja kidogo. Sisemi kwamba kuwakirimu wageni wa msiba ni vibaya. Nasema kwamba niliwaona wageni kwa sababu walikuwa wameketi mbele yangu, na figo za mtoto sikuziona.

Mama wa mtoto alinijia mara tatu katika miaka ile. Mimi ni baba mkubwa, na mume wake alikuwa mbali. Alisema: baba, fishi inasema turudi. Mara zote tatu nilimjibu: ngoja mume wako afike. Alikuwa anauza mafuta ya mawese sokoni, na mara moja aliweka pesa karibu kufikia nauli. Mke mwenzake akalalamika kwamba nyumba ile inakula pesa yote, na watoto wake pia wana haki. Tukaona heri amani ya nyumba, pesa ikagawanywa.

Mama yangu mzazi, ambaye mtoto alikaa kwake muda mrefu, alimpenda sana. Mtoto alikuwa bado anakojoa kitandani na mchana nguo ililowa. Mama yangu, ili kumsitiri, alimkataza kunywa maji kuanzia alasiri. Kumbe figo zilizoumia mara nyingi haziwezi kubana mkojo, zinatoa maji mengi, na mtoto wa namna hiyo akinyimwa maji anakauka na figo zinaumia zaidi. Alikuwa akimwonea huruma, na huruma yake ikawa inamdhuru. Akiwa na miaka tisa, mtoto alitaka kufunga Ramadhani pamoja na wakubwa. Sote tulimsifu. Hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto hajalazimishwa, na kwamba mgonjwa ana ruhusa.

Na jirani mmoja alisema neno baya zaidi: mtoto wa miaka tisa anayelowesha kitanda, angalieni, asije kuwa mlozi. Neno hili linasemwa sana katika miji yetu. Kwa hiyo tuseme wazi. Katika watoto 100 wa miaka mitano, kama 15 bado wanakojoa kitandani, na wengi wao hawana ugonjwa wowote, wanaacha wenyewe wakikua. Mara nyingi hata baba au mama yao alikuwa hivyo. Lakini mtoto anayelowa pia mchana, au mkojo wake hauna nguvu, au anapata homa za mara kwa mara, huyo apelekwe kwa daktari. Na kumwita mtoto mlozi ni dhuluma mbele ya Mungu na ni kosa mbele ya serikali: Katiba ya nchi yetu ya 2006, katika kifungu cha 41, imekataza jambo hilo, na Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaliadhibu.

Mwaka 2021 mtoto alikuwa na miaka 11, na urefu wake kama wa mtoto wa saba. Alikuwa mweupe machoni, anachoka, kichwa kinamuuma. Muuguzi alipima tansio na akarudia kuipima, akidhani mashine imeharibika. Tulifika Bukavu. Daktari alitafuta faili ya zamani, akaiona, akasoma kimya. Kisha akauliza, bila ukali:

– Nani alikuwa anashika fishi ya mtoto huyu?

Tulikuwa wanne katika chumba: baba, mama, mimi na mama yangu. Tulitazamana. Kisha mama wa mtoto akafungua mfuko wake, akatoa fishi. Ilikuwa imefungwa katika plastiki, safi, kama siku tulipopewa. Alikuwa ameiweka miaka yote ndani ya sanduku, pamoja na nguo ya ndoa yake. Hakusema neno.

Siku ile niliona kosa letu lilivyokuwa. Fishi alikuwa nayo mama, pesa alikuwa nazo baba, ruhusa nilikuwa nayo mimi. Vitu vitatu katika mikono mitatu, na havikukutana. Kila mmoja wetu alimpenda mtoto, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ndiye anayemwangalia.

Sasa turudi kwa swali letu na tupime majibu ambayo watu wanatoa.

Jibu la kwanza: ni kadari. Mungu akitaka apone atapona, hata bila kurudi kwa daktari. Ndugu zangu, kadari ni nguzo ya imani yetu na hatuikani. Lakini tukumbuke Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham na habari ya tauni ikamfikia. Alishauriana na watu, akageuza msafara. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamfahamisha kwamba kuondoka kwake nako ni katika kadari ya Mungu, kama mchungaji anayeacha upande mkavu wa bonde na kulisha upande wenye majani. Na Mtume wetu (s.a.w.) mabedui walipomuuliza kama watafute dawa, aliwaamuru watafute. Mtu anayesema kadari baada ya kufanya aliloweza, huyo ana subira. Anayesema kadari ili asifanye, huyo ameificha nyuma yake kazi aliyopewa. Tena angalieni: hatusemi kadari tukiwa na deni la mtu sokoni. Tunaisema zaidi pale ambapo mwenye haki ni mdogo na hawezi kutudai.

Jibu la pili ni zito zaidi, na tusilidharau. Watu wanasema: nina watoto saba. Je, ni haki nitumie pesa ya wote kwa mmoja, tena ambaye anaonekana mzima? Mke mwenza aliyelalamika hakuwa mwovu. Alikuwa anauliza juu ya haki, na dini yetu imekataza kumpendelea mtoto mmoja kwa zawadi. Lakini matibabu si zawadi. Tazama chakula chetu. Mtoto mwenye homa mama anampikia supu, wengine wanakula bugali na sombe. Hakuna anayesema mama amedhulumu. Usawa wa watoto si kila mmoja kupata franka zile zile. Usawa ni kila mmoja kujua kwamba siku akihitaji, nyumba itasimama kwa ajili yake. Mtoto mzima anayeona ndugu yake mgonjwa amesahauliwa hafurahii pesa iliyobaki. Anajifunza kwamba naye akiugua bila kulia, atasahauliwa.

Jibu la tatu ni la kweli kwa wengi: hatuna uwezo. Na hapa lazima tuwe waadilifu, tusiwaongezee maskini mzigo wa lawama. Mwishoni mwa Suratul-Baqara tunafundishwa kwamba hakuna nafsi inayobebeshwa mzigo upitao nguvu zake. Kutoka hapa hadi Bukavu ni ndege, au ni siku nyingi za barabara mbovu. Mwaka 2025, vita vilipofika Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, njia hiyo ilifungika kwa familia nyingi. Baba ambaye hakuweza hana dhambi. Lakini tutofautishe kutoweza na kutouliza. Mimi miaka minane nilisema hatuwezi, na sikuwa nimeuliza hata swali moja. Sikuuliza daktari ni vipimo gani vinaweza kufanywa hapa hapa. Kumbe vingi vinawezekana: tansio, uzito, urefu, kijiti cha kupima mkojo, na kreatinini katika labo ya mjini. Sikuuliza kama matokeo yanaweza kusomwa kwa simu. Sikuwauliza ndugu wa ukoo, ambao kwa hitima walichanga siku moja. Sikuuliza msikitini. Asiyeuliza hawezi kujua mwisho wa uwezo wake uko wapi. Kwa hiyo hawezi kutumia udhuru wa asiyeweza.

Jibu la nne halisemwi kwa sauti, lakini ndilo linalotawala nyumba nyingi: hiyo ni kazi ya mama. Mtoto akipona tunasema ukoo wetu una baraka, akiugua tunasema mama yake hakumwangalia. Lakini yule mama alikuwa na fishi bila pesa wala ruhusa. Mungu ametaja jambo la mtoto mdogo katika Suratul-Baqara, aya ya 233. Hata kumwachisha ziwa, jambo dogo la nyumbani, limewekwa katika kuridhiana na kushauriana kwa baba na mama wote wawili, na imekatazwa mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake, au baba kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake. Ikiwa kumwachisha ziwa kunahitaji shauri la wawili, je, figo zake? Na Hind, mke wa Abu Sufyan, alipomlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba mume wake hatoi ya kutosha, aliruhusiwa kuchukua katika mali ya mume kiasi cha kumtosha yeye na mtoto wake, kwa wema. Basi mama mwenye fishi mkononi si mwombaji mlangoni kwa baba mkubwa. Anadai haki ya mtoto. Mimi niliyemwambia "ngoja" mara tatu nilidhani ninalinda heshima ya mdogo wangu. Nilikuwa nimekalia haki ya mwanawe.

Ndugu Waislamu, wanavyuoni wametufundisha tofauti ya fardhi ain na fardhi kifaya. Fardhi ain ni ya kila mtu peke yake. Fardhi kifaya, kama kumzika maiti, ni ya jamaa yote: mmoja akiitimiza, wengine wamesalimika, na wote wakiiacha, wote wana dhambi. Mtoto ana wazazi wake, na juu yao fardhi haiondoki. Lakini katika ukoo wetu mkubwa wa Kiafrika, wenye baba wakubwa na wadogo, shangazi na mama mkubwa, kumfuatilia mtoto mgonjwa kumegeuka kuwa kama fardhi kifaya. Hiyo ni neema, kwa sababu mikono ni mingi. Ni hatari pia, kwa sababu kila mkono unangoja mwingine. Maiti hasahauliki, kwa sababu yuko mbele yetu na jua linapanda. Mtoto anayecheza anasahaulika. Kwa hiyo jambo la watu wengi lazima lipewe jina la mtu mmoja.

Basi tunawaomba wenye mtoto wa namna hii wafanye mambo machache.

1. Siku ya kutoka hospitali, kabla ya kufika nyumbani, ukoo uketi na umtaje mtu mmoja mwenye kushika fishi. Huyo apewe na ruhusa, na mahali pa kuchukua pesa, bila kungoja mtu wa mbali. Fishi, ruhusa na pesa vikae katika mkono mmoja. Akisafiri, amkabidhi mwingine mbele ya watu, kama amana inavyokabidhiwa.

2. Pesa ya rendevu iwekwe kidogo kidogo, na isiguswe kwa arusi, matanga wala mwaka wa shule. Tunaihesabu kama deni, na deni hatulitumii kwa karamu.

3. Mtoto akipata homa bila kikohozi wala kuhara, au homa ikirudi baada ya dawa ya malaria, ombeni mkojo upimwe. Dawa ya mkojo imalizwe mpaka siku ya mwisho, hata homa ikishuka siku ya pili. Homa za mkojo zinazorudi-rudi zinaweza kuacha makovu katika figo, na kovu halifutiki.

4. Msimnyime maji. Msimpe dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki bila kumuuliza daktari, wala dawa za mizizi, kwa sababu figo zilizoumia hazizivumilii. Na mtoto wa kiume ambaye tundu lake la mkojo limetokea chini badala ya mbele, asitahiriwe kwanza, hata wazee wakihimiza. Ngozi ile daktari anaihitaji kwa kumtengeneza. Kuchelewesha tohara kwa ajili ya afya si kuacha sunna.

5. Mtoto mwenyewe aelezwe ugonjwa wake kwa kadiri ya akili yake. Siku moja sisi tutakufa, na fishi itakuwa mkononi mwake.

Linabaki neno moja kwetu sisi wa msikiti na madrasa. Mtoto wa mdogo wangu alirudishwa nyumbani na mwalimu wake wa madrasa kwa sababu ya harufu ya mkojo. Hakurudi tena, na sisi kwa aibu tukanyamaza. Aibu ile ndiyo iliyofanya tusizungumze habari ya ugonjwa wake hata sisi kwa sisi. Jambo ambalo halitajwi nyumbani, rendevu yake haitajwi pia. Lakini sisi ni umma wa Mtume aliyepakata mtoto mchanga wa Ummu Qays, mtoto akamkojolea, naye akaomba maji akayanyunyizia nguo yake, basi. Bedui alikojoa ndani ya msikiti wa Madina, masahaba wakamkemea, Mtume akawazuia wamwache amalize, kisha ikamwagwa ndoo ya maji. Na mtu ambaye mkojo wake hauzuiliki, sheria yetu haikumfukuza katika sala. Ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe wakati wa sala ukiingia, asali bila kuchelewa, na matone yanayotoka hayaibatilishi sala yake. Kama sheria imempa nafasi, sisi ni nani tumnyime mkeka? Mwalimu anayeona mtoto analowa kila siku asimpige wala asimfukuze. Amwite mzazi pembeni, kwa siri, amuulize: mmempeleka kwa daktari? Pengine swali hilo moja litaokoa figo zake.

Mtoto wetu yuko hai, alhamdulillah. Ana miaka 15. Anakunywa dawa za tansio kila siku, na kila miezi mitatu damu yake inapimwa hapa mjini, nami ndiye ninayeshika fishi, kwa sababu niliiomba. Mwaka 2025, njia ilipofungika, tulisoma matokeo kwa daktari katika simu. Nguvu zilizobaki katika figo zake ni ndogo, na zilizokwisha hazirudi. Siku moja zinaweza kufika mahali ambapo mtu anahitaji mashine ya kusafisha damu, na mashine hiyo miji mingi ya nchi yetu haina. Tunajua hivyo, na yeye anajua. Juzi aliniuliza: baba mkubwa, kama tungerudi mapema ningekuwa mrefu kama wenzangu? Nilimwambia kweli: sijui, lakini tungekuwa tumetimiza haki yako. Nikamwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza rendevu inayofuata ni siku gani.

Hilo ndilo jibu la swali letu. Mtoto anapocheza uwanjani deni halijaisha. Linaisha pale mwenye ujuzi anaposema limekwisha, na sisi tumefika kwake kumsikia akisema, au tumeuliza na kujaribu kila mlango mpaka mwisho wa uwezo wetu. Leo baada ya sala, kila mmoja akifika nyumbani afungue sanduku. Kama kuna fishi ya mtoto ndani yake, asome tarehe.

Ewe Mola wetu, wape shifaa watoto wetu, wape subira wazazi wao, na usituchukulie kwa yale tuliyosahau. Utuamshe kabla amana haijapotea mikononi mwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.